Kioo cha Bungoma

Nekesa mwanangu,

Begi lako limefungwa na nimeliona. Umeweka sweta mbili, ingawa nasikia huko Doha joto linakausha mate mdomoni. Sitakuandikia habari za sweta, wala za kula, wala za kusali. Hayo umeyasikia tangu darasa la kwanza, na uliyotaka kuyashika umeyashika.

Nakuandikia kwa sababu naogopa. Naogopa tangu siku ile ulipoingia jikoni na simu mkononi ukasema, "Mama, wamenichukua. Nitakuwa natunza hifadhi ya data, kama wewe zamani." Ukacheka. Ukasema, "Ni kama nimerithi shamba."

Nilikaa chini kwenye kile kigoda. Ulidhani ni vidonda vya tumbo.

Leo umelala mapema kwa sababu gari la kwenda uwanja wa ndege wa Eldoret litakuja asubuhi. Nasikia unavyogeuka kitandani. Mkono wangu hauandiki vizuri siku hizi, na nikichoka nitapumzika, kisha nitaendelea. Nivumilie.

Mitambo hii unaijua kuliko nilivyoijua mimi. Hata hivyo niache nieleze kwa njia yangu, maana nataka uone nilichokiona kwa macho yangu. Hospitali niliyofanyia kazi ilikuwa na tawi hapa Kitale na jingine Bungoma. Sitaitaja kwa jina. Wenzangu wengi wa pale bado wako hai na hawakukosa lolote. Mwanzoni kila seva ilikuwa na diski zake tumboni, kila moja na ghala lake. Likajaa hili huku lile likiwa tupu, na hakuna aliyeweza kumwazima mwenzake. Ndipo tukaletewa mtandao wa hifadhi: kabati moja kubwa la diski, limeunganishwa na seva zote kwa nyaya zake lenyewe, zile nyembamba za kioo. Seva ikihitaji nafasi, unaikatia kipande kutoka kabatini. Ikimaliza, unakirudisha. Nilikipenda chumba kile. Kilikuwa na baridi na mvumo usiokoma, na mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo.

Bungoma tukaweka kabati jingine kama hilo. Kila kilichoandikwa Kitale kiliandikwa na kule papo hapo. Tuliliita kioo. Wakubwa walipokuja kuliona niliwaambia, "Hata Kitale ikiungua leo, Bungoma itaendelea kama vile hakuna kilichotokea." Wakapiga makofi. Nilivaa ile suti ya kijani.

Kabla ya kioo, tulikuwa na kanda. Kila Ijumaa dereva alibeba sanduku la kanda zenye nakala za wiki nzima, akalipeleka Bungoma likafungiwa stoo. Kioo kilipokuja, nilisimama mkutanini nikauliza, "Bado kuna mtu anabeba kanda kwa gari kama maziwa ya dairi?" Watu wakacheka. Sanduku likaacha kusafiri. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka kuonekana mtu wa kisasa.

Hilo ni kosa la kwanza, na ni dogo. Ngoja.

Kila kipande cha kabati tulikipa jina la mahali pa kwetu: Kimilili, Kibabii, Matulo. Ilikuwa rahisi kukumbuka kuliko zile namba ndefu. Kipande kikizeeka, jina lake lilirithiwa na kipya, kama tunavyowapa watoto majina ya wazee waliotangulia. Unamkumbuka nyanya yako alivyokuwa mkali kwa jambo hilo. Alikuwa akisema mtoto hapewi jina la babu ambaye bado anakula ugali. Subiri azikwe kwanza, la sivyo utamchanganya mauti akija kuita. Tulikuwa tunamcheka. Basi mimi, bintiye msomi, nilikipa kipande kipya jina la Matulo wakati Matulo ya zamani ilikuwa bado kabatini, haijafutwa. Ya zamani ilikuwa na hesabu za dawa zilizokwisha kumezwa miaka iliyopita. Mpya ilikuwa na maelezo ya wagonjwa: madaktari walichoona, walichoandika, nani alidhuriwa na dawa gani.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya chakula cha mchana. Kliniki zilikuwa zimefungwa. Watu wa eksirei walikuwa wamelalamika wiki nzima kwamba hawana nafasi, nami nikasema nitafuta Matulo ya zamani niwape. Nikaichagua. Skrini ikauliza kama nina uhakika. Swali lile huulizwa kila siku, na kila siku jibu ni ndiyo. Nikakisafisha kile kipande, nikakikabidhi kwa seva ya eksirei, na picha zikaanza kumiminika. Nikamimina chai kwenye kifuniko cha chupa. Nilipoinua macho tena, Matulo ya zamani ilikuwa pale pale kwenye skrini, nzima, na dawa zake zote.

Niliyoifuta ilikuwa Matulo mpya, ile ya wagonjwa. Chai niliishika hadi ikapoa.

Simu ikalia. Alikuwa Barasa, kijana wa mitambo wa tawi la Bungoma. Unamkumbuka, yule mrefu aliyekuja kwenye mazishi ya baba yako.

"Madam, habari ya mchana. Hii Matulo huku imekuwa tupu, halafu naona picha za mifupa zinaingia. Ni sisi ama ni nyinyi?"

Nikasema, "Ni mtandao unayumba."

"Nisimamishe kila kitu kwanza?"

Nekesa, nataka usimame hapa nami kidogo. Kusafisha kipande kama nilivyofanya hakufuti maandishi yenyewe. Ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo na kukiacha kitabu. Kama kila kitu kingesimamishwa dakika ile, wataalamu wangekuja, na karibu yote yangerudi. Barasa alikuwa amenishikia mlango wazi. Neno lililotakiwa lilikuwa moja: simamisha. Lakini baada ya neno hilo angeuliza kwa nini, na baada ya kwa nini kungekuwa na mimi.

Nikamwambia, "Usiguse kitu, Barasa. Jumatatu tutaangalia."

Akasema, "Sawa, Madam. Wewe ndiye unajua."

Picha za eksirei ziliendelea kuingia. Kila picha ilikalia maandishi ya mtu. Na kioo cha Bungoma, kile nilichopigiwa makofi, kilifanya kazi yake kwa uaminifu: kila nilichoharibu Kitale, kilikiharibu na kule. Kioo hakikumbuki jana ulikuwa na sura gani. Ukijikata, nacho kinaonyesha damu.

Nimejiuliza miaka hii yote kwa nini nilinyamaza. Nilikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza idara ile, na nilijua watakavyosema. Hiyo ni kweli, lakini haitoshi. Ukweli wenyewe ni kwamba niliogopa kama mtoto anavyoogopa, bila hesabu. Nilidhani nikikaa kimya jambo lenyewe nalo litakaa kimya.

Jioni ile nilikuja nyumbani, na wewe ulikuwa umevunja kikombe. Kile cha maua ya bluu, cha seti ya harusi yangu. Ulikuwa umekificha nyuma ya gunia la mahindi. Nilipokipata nilikuchapa. Nilikuchapa hadi baba yako akaja akanishika mkono akasema, "Mama Nekesa, ni kikombe." Nami nikasema maneno ambayo naamini unayakumbuka: "Simchapi kwa kuvunja. Namchapa kwa kuficha."

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Uliniangalia machoni. Mimi nilikuwa nimetoka kuficha hospitali nzima.

Kesho yake nilikwenda kanisani na niliimba.

Jumatatu nilipopiga simu kwa wataalamu, waliniuliza jambo moja tu: kipande kile kimeandikwa tangu lini. Nilipowajibu, yule aliyekuwa akizungumza nami akashusha pumzi. Tukatafuta kanda. Zilikuwa za miezi mingi nyuma, na hakuna aliyekuwa amewahi kujaribu kurejesha hata faili moja kutoka kwazo. Nyingine hazikusomeka kabisa. Tulizihifadhi kama watu wanavyohifadhi vyombo vya kuzimia moto ukutani, bila kuvijaribu. Tuliyoyapata tuliyarudisha. Ya ile miezi ya katikati yalikwenda.

Katika ripoti niliandika kwamba ni hitilafu ya stima, huku na Bungoma. Hapa Kitale hakuna anayebisha hilo. Stima imebeba lawama ya chakula kilichooza, mitihani iliyochelewa na harusi zilizoharibika. Ikabeba na yangu. Mkurugenzi akatikisa kichwa akasema, "Hawa watu wa stima," akatia sahihi.

Ningependa kukuambia kwamba yaliishia hapo.

Baada ya muda, majirani wa Matulo walimleta mwanamke mmoja katika tawi la Bungoma. Alikuwa na homa kali, hajitambui, na kitabu chake cha kliniki kilikuwa kimesahaulika nyumbani. Jina lake ni Mama Nafula. Miezi michache kabla, hospitali hiyo hiyo ilikuwa imempa dawa ya jamii ya salfa, ngozi ikaanza kutoka malengelenge, na daktari akaandika asipewe tena maishani. Iliandikwa vizuri. Iliandikwa ndani ya Matulo. Siku ile daktari wa zamu alifungua rekodi, hakuona kitu, akampa. Ngozi ilimtoka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Hakufa. Macho ndiyo yaliyokufa.

Nilijua kwa sababu swali lilikuja kwangu: je, kulikuwa na onyo katika rekodi za mgonjwa huyu? Nikajibu kwamba rekodi za kipindi hicho ziliathiriwa na stima. Barua ya mstari mmoja. Daktari yule aliomba uhamisho, sijui aliko.

Nilikwenda kumwona, Matulo. Nilikwenda na unga na sukari na maneno yangu yote nikiwa nimeyapanga. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni akichambua maharagwe kwa vidole. Nikasema natoka hospitali, nimekuja kumjulia hali. Akatafuta mkono wangu hewani, akaushika.

"Hospitali imetuma mtu?" akasema. "Hata watu ya kanisa walichoka kuja. Wewe ni mtu ya Mungu, dada."

Nikasema, "Mama Nafula, kuna jambo."

"Utasema ukishakula. Nafula, weka sufuria." Kisha akacheka. "Usiogope, mimi sipiki siku hizi. Nikipika mnakula mawe na maharagwe."

Nilikula. Sikusema. Na nilipoinuka kuondoka, bintiye alinifunga kuku mwekundu miguu akanipa, kwa sababu mgeni wa heshima haondoki mikono mitupu. Nilikataa. Mama Nafula akasema, "Dada, unanikatalia kuku? Mimi si maskini hivyo."

Kuku yule ndiye uliyemwita Malkia. Ulimlea, alitaga, ulikataa asichinjwe hata Krismasi. Ulikuwa ukiniuliza kwa nini sikuwa nakula mayai yake. Nilikuambia yananiletea kiungulia.

Nimekwenda Matulo mara nyingi tangu hapo. Kila mara na unga, kila mara na maneno yangu yaliyopangwa, kila mara nikarudi nayo. Amekuwa rafiki yangu. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote: kwamba nimekula upendo wa mtu kwa miaka hii yote, na sikuwa na haki nao.

Barasa alijua. Siku ya kunipa kwaheri nilipostaafu, watu wakiwa kwenye soda na keki, alinikaribia akasema polepole, "Madam, ile Jumamosi stima haikupotea. Mimi nilikuwa nachaji simu." Hakuwa na hasira. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Si nilisema? Nilikuuliza nisimamishe."

Basi kesho unakwenda kukaa katika chumba kama kile, kikubwa mara nyingi zaidi. Sikuogopei kukosea, Nekesa. Utakosea. Wenzako huko wana mitambo inayouliza mara tatu badala ya mara moja, na siku moja utajibu ndiyo mara tatu. Naogopa dakika inayofuata. Naogopa kwamba dakika hiyo mkono wako utakumbuka gunia la mahindi. Mimi ndiye niliyekufundisha kwa fimbo kwamba anayepatikana ameficha anachapwa, na mtoto mwerevu hujifunza kutoka hapo jambo moja: afiche vizuri zaidi. Niliona ulivyojifunza. Uliposhindwa ule mtihani wa mwaka wa pili pale chuoni Kibabii, nilijua kwa mtu mwingine. Uliponieleza mwenyewe ulikuwa umeshaurudia na kupita, na ulicheka sana ukieleza. Sikukuuliza kitu. Nilikitambua kicheko hicho. Ni changu.

Sina hekima ya kukupa juu ya jambo hili. Nina hili tu nililoliona: maandishi yalikuwa bado yapo. Nilipokuwa nimeishika chai ile, yalikuwa yote bado yapo chini ya ukimya wangu, ya Mama Nafula na ya wengine nisiowajua. Kilichoyafuta hakikuwa kidole changu. Nilipoachia mengine yaandikwe juu yake, picha baada ya picha, ndipo yalipokwenda.

Nimepumzika kidogo. Mama mdogo wako Nasimiyu, ambaye amekuja kutoka Kimilili kukaa nami, aliingia akaniona na kalamu. Akauliza, "Umemwandikia lile?" Nikasema naelekea huko. Akasema, "Dada, mtoto akilisikia akiwa ng'ambo hatakusamehe. Wala mimi hatanisamehe, na mimi sina kosa." Akanifunika shali, akatoka.

Lile ni hili. Tumbo langu halina vidonda, Nekesa. Nilikudanganya. Ni uvimbe kwenye kongosho. Daktari wa Eldoret aliniambia kabla ya mvua za kupanda, akanionyesha kwenye picha, doa jeupe dogo kuliko punje ya mahindi. Alisema umeshasambaa, sasa hakuna cha kukata. Mkataba wako ni wa miaka miwili. Sina miaka miwili. Nasimiyu anajua, na mchungaji anajua, na wewe, uliyenipikia uji wa wimbi kila asubuhi kwa ajili ya vidonda visivyokuwepo, hujui.

Nilijiambia nakulinda. Ukijua utakataa kwenda, na umeingoja kazi hii kwa muda mrefu. Ni maneno mazuri. Hata yale ya mtandao kuyumba yalikuwa maneno mazuri.

Mpango wangu ulikuwa kuificha barua hii begini, kati ya zile sweta mbili, uipate ukiwa umeshafika. Niliiandika nusu nikiwa na mpango huo. Jioni, ulipokwenda kuwaaga akina Nanjala jirani, nilifungua zipu nikapima mahali itakapokaa. Mkono wangu ukiwa humo ndani ya nguo zako, nikasikia sauti ya Barasa kama amesimama mlangoni: nisimamishe kila kitu kwanza?

Nimefunga zipu. Barua haitasafiri begini.

Asubuhi nitamwomba Nasimiyu atangulie jikoni kukaanga mayai, tukae wawili. Nitakupa barua hii mkononi kabla gari halijaja. Utaisoma mbele yangu. Sijui utafanya nini. Unaweza kwenda, na sitakulaumu hata kwa kope. Unaweza kubaki. Unaweza kunikasirikia hadi dereva apige honi na bado usiwe umemaliza. Lolote utakaloamua, uamue ukijua, maandishi yakiwa bado yapo yote.

Na nimemwambia Nasimiyu kwamba Jumamosi anipeleke Matulo, hata kama ni kwa kunibeba. Safari hii sipeleki unga. Sijawahi kuogopa kifo kama ninavyoogopa kile kigoda cha mlangoni kwake, na vidole vyake vikiutafuta mkono wangu hewani. Ukiwa umebaki, tutakwenda pamoja. Ukiwa umekwenda, nitakupigia tukitoka kwake, nikuambie alichosema, hata kama ni kibaya.

Sasa umefika hapa. Chai yako bila shaka imepoa, na mimi nimeketi upande wa pili wa meza nikijifanya naangalia dirishani. Usiikunje barua haraka. Usinionee huruma kwanza.

Inua macho, Nekesa. Niulize lolote.

Mama